Bei, fedha, kifaa au mkopo: sera ipi ya kuachana na mafuta itawafaa watu wa Tanga?

Tanga inaishi na mafuta pande zote. Meli huyashusha bandarini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko upande wa Tanzania, mwisho wake ni Chongoleani. Tanuri la saruji Pongwe linataka joto la nyuzi 1,450 hivi, na joto hilo haliji bila kuchoma kitu. Bodaboda wa Ngamiani anaanza siku yake kwenye pampu, na mvuvi wa dagaa wa Sahare anaanza usiku wake kwa kujaza karabai.

Mwaka 2015 Shirika la Kazi Duniani lilitoa miongozo ya mpito wa haki, yaani namna ya kuacha nishati ya visukuku bila kuwatupa watu waliokuwa wakiitegemea. Mkataba wa Paris wa mwaka huohuo nao ukaligusa jambo hilo katika dibaji yake. Lakini diwani anayekaa kwenye kikao cha bajeti, au mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) anayeulizwa na wenzake "sasa tudai nini?", anahitaji jibu la karibu zaidi. Zipo sera nyingi, kila moja ina watetezi wake, na fedha hazitoshi zote.

Hapa tunazipambanisha zile zinazoweza kweli kufika Tanga. Msimamo wetu tunauweka mezani mapema: haki ya mpito iko kwenye kalenda. Sera ileile inaweza kumwinua mtu au kumwangusha kwa kutegemea nini kimetangulia. Kifaa kipya kikifika mkononi kwanza, bei ya mafuta ikapanda baadaye, watu huhama. Bei ikitangulia, watu hukopa, hupunguza mlo au huandamana.

| Sera | Anayefikiwa kwanza | Inapovuja |
|---|---|---|
| Kushusha bei ya pampu kwa ruzuku | Mwenye gari na lori | Anayenunua lita nyingi ndiye anayefaidi zaidi |
| Kupandisha bei, kisha kugawa fedha | Aliye kwenye orodha ya malipo | Mfumuko wa bei hula kiasi kilichogawiwa |
| Kugawa kifaa bure | Aliyehudhuria siku ya ugawaji | Gharama ya kujaza na kutengeneza |
| Mkopo wa kifaa | Mwenye kikundi kilichosajiliwa | Marejesho yasiyofuata msimu wa kipato |
| Bei ya umeme kwa wanaopika | Mwenye mita yake | Wapangaji wa mita moja |
| Mkataba wa wafanyakazi | Mwajiriwa wa kudumu | Vibarua na wauzaji wa getini |

Bei ya pampu

Tanzania tuna mfano wetu wenyewe, na haufai kusahaulika. Katika bajeti ya 2011/12 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka Sh. 52 kwa lita hadi Sh. 400.30, na wa dizeli ukashushwa kutoka Sh. 314 hadi Sh. 215. Sababu ilikuwa uchakachuaji: mafuta ya taa yalikuwa rahisi mno kuliko dizeli, wafanyabiashara wakayachanganya, injini zikafa. Kwa lengo hilo hatua ilikuwa na mantiki. Lakini mafuta ya taa ndiyo yaliyokuwa kwenye koroboi na kibatari cha kijijini, na ndiyo yaliyokuwa kwenye karabai ya mvuvi. Aliyebebeshwa mzigo hakuwa mchakachuaji, na hakupewa taa nyingine kabla ya mzigo kumfikia.

Njia ya kinyume nayo tumeiona. Mwaka 2022 bei ya dunia ilipopaa, Serikali iliweka ruzuku ya Sh. bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, na bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zinazotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi zikashuka. Ilikuwa dharura na iliwapoza wengi. Kama sera ya kudumu, haifai. Bodaboda anayejaza lita tatu kwa siku anapata sehemu ndogo sana ya faida anayopata mwenye lori la lita mia nne. Kila shilingi inayokaa kwenye pampu inamwambia mtu abaki pale alipo.

Je, kupandisha bei na kugawa fedha? Iran ilijaribu Desemba 2010, na sehemu moja ya mpango wake inafaa kuigwa hadi leo. Familia zilifunguliwa akaunti na fedha zikawekwa kabla bei haijapanda, ila zilifungwa zisitolewe mpaka siku ya mabadiliko. Kila mtu alihesabiwa riali 455,000 kwa mwezi. Watu waliona salio lao kwanza, ndipo wakaona bei mpya. Kosa lilikuja baadaye: kiasi kilibaki kilekile huku bei za vitu zikipanda mwaka hadi mwaka, mpaka fedha ile ikapoteza nguvu. Nigeria, tarehe 1 Januari 2012, ilifanya kinyume. Petroli ilipanda usiku mmoja kutoka naira 65 hadi karibu 140 bila mtu kushikishwa kitu, nchi ikasimama kwa mgomo, na katikati ya mwezi bei ikarudishwa hadi 97.

Kwa Tanga, ugumu wa njia ya fedha ni orodha. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ina daftari la kaya maskini na njia ya kulipa, lakini anayepigwa zaidi na bei ya mafuta mara nyingi hayumo humo. Bodaboda hahesabiki kuwa kaya maskini sana, na mwenye chombo cha uvuvi hali kadhalika. Sera ya fedha mkononi bila orodha ya pili, inayotokana na BMU na vituo vya bodaboda, itamfikia jirani na kumruka mlengwa. Hii ni sera ya Taifa, si ya halmashauri. Kazi ya diwani ni kutayarisha orodha hiyo mapema na kudai kiasi kipandishwe kila mwaka kulingana na bei za vitu.

Kugawa kifaa bure

Indonesia kuanzia 2007 iligawa mtungi wa gesi wa kilo 3, jiko la sahani moja, mpira na regulata kwa kila kaya, na mafuta ya taa yenye ruzuku yakaondolewa sokoni eneo kwa eneo kadiri vifaa vilivyosambaa. Vifurushi vilivyogawiwa vilizidi milioni 50. Kwa kasi, hakuna sera inayoifikia hii. Lakini gesi ya mtungi mdogo ilibaki na ruzuku kwa yeyote aliyeinunua, wenye mikahawa wakaitumia, wajanja wakahamishia gesi ya mitungi midogo kwenye mikubwa na kuiuza kwa bei kamili, na bajeti ya nchi ikanasa.

India ilizindua mpango wake Mei 2016 kwa kuandikisha mtungi kwa jina la mwanamke wa nyumba. Hilo tunalisifu bila kusita, kwa sababu aliye jikoni ndiye mwenye mali. Wengi hata hivyo walijaza mara chache tu kwa mwaka, kisha wakarudi kwenye kuni.

Huku kwetu jambo hilo linajulikana kwa jicho. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, leo kopo moja, kesho mawili kama biashara imekubali. Mtungi wa kilo 6 unataka fedha yote kwa siku moja. Mama lishe anayeshika faida ya siku hadi siku hashindwi na bei ya gesi kwa mwezi. Anashindwa na ukubwa wa malipo ya mara moja. Kwa hiyo halmashauri inayopanga kugawa mitungi ijiulize kwanza ni nani atakayeruhusu kujaza kwa kiasi kidogo kidogo kwa mita ya kulipia kabla. Bila hilo mtungi utakaa uvunguni mwa kitanda.

Tena tuseme wazi: gesi ya mtungi ni mafuta ya visukuku, na inaagizwa kutoka nje. Inaokoa mapafu na inaokoa miti, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia 2034, unaihitaji. Lakini anayepanga mpito wa kuacha visukuku asiihesabu kuwa ndiyo mwisho wa safari.

Mkopo wa kifaa: mfano wa karabai

Hapa ndipo Tanga ina nguvu yake yenyewe, kwa sababu fedha zipo kisheria. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 kwa ajili ya marekebisho na ikafunguliwa tena 2024. Tuichukulie karabai kama kipimo cha sera hii.

Karabai moja usiku mzima hunywa lita moja na nusu hivi ya mafuta ya taa. Chombo chenye taa nne, kikitoka usiku 20 za giza, kinateketeza lita 120 kwa mwezi. Ukiweka Sh. 3,000 kwa lita, hiyo ni Sh. 360,000, nje ya vijisoksi vinavyopasuka kila pampu inapopigwa kwa pupa na sindano zinazoziba.

Taa ya LED ya wati 20 ikiwaka saa 10 inatumia wati-saa 200. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo betri ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 40, yenye wati-saa 480, inatosha kwa taa moja na inabakiza akiba kidogo. Kuichaji kwa umeme wa TANESCO, pamoja na upotevu wa chaja na betri, ni kama uniti 0.3. Kwa bei ya Sh. 356 kwa uniti ni Sh. 107 kwa taa kwa usiku, mahali pa Sh. 4,500 za mafuta. Kwa sola, paneli ya wati 60 inatosha kiangazi. Masika, mawingu yakishika siku tatu, weka wati 100 kwa kila betri.

Hesabu hii nzuri huharibika kwa mambo madogo. La kwanza ni chumvi. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe wa plastiki huota kijani ndani ya wiki chache, taa inafifia, na mvuvi anasema taa za betri ni uongo. Viungio viwe vya kubanwa kwa koleo na kufunikwa kwa mpira wa kujikaza kwa joto, vichwa vya betri vipakwe grisi, na taa iwe ya kuzibwa kabisa, inayohimili kuzama. La pili ni betri kuukuu ya gari. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, si kutoka polepole usiku kucha. Ikitumiwa hivyo haimalizi msimu. La tatu ni kukosa kizima-umeme cha kukata betri inapofika volti 12 hivi. Kifaa hicho ni cha bei ndogo, lakini wanaonunua kwa wingi hupenda kukiondoa ili zabuni ipungue. Asiyekiweka ananunua betri mpya kila baada ya miezi michache.

Halafu kuna marejesho. Hapa ndipo mikopo mingi ya pwani hufia, na kosa si la mvuvi. Dagaa wa taa hutafutwa gizani. Mbalamwezi ikiwa kali vyombo hupumzika. Kusi ikivuma bahari inachafuka na siku za kutoka hupungua, kaskazi ikitulia kipato hurudi. Mkataba wa mkopo unaotaka kiasi sawa kila tarehe 30 unamdai mtu fedha katika wiki ambayo hajashika wavu. Ratiba inayofaa inahesabu usiku za giza: rejesho dogo kila baada ya usiku tano za kutoka, hakuna rejesho mbalamwezi, na nusu ya rejesho miezi ya kusi kali. Chombo chetu cha mfano, kikilipa Sh. 10,000 kwa kila usiku wa kutoka, kinarejesha Sh. 200,000 kwa mwezi wa kawaida, na bado nahodha anabaki na zaidi ya Sh. 150,000 alizokuwa akizimwaga kwenye karabai, kabla ya kutoa umeme wa kuchaji, usiofika Sh. 9,000.

Swali la haki linaloumiza zaidi ni hili: nahodha wa miaka 55 si kijana, si mwanamke, na kama hana ulemavu hana dirisha katika asilimia 10. Ndiye mwenye karabai, na ndiye aliye nje ya sera. Njia tunayoipendekeza ni kupitia kwa wanawake wanaonunua, wanaokaanga na wanaoanika dagaa. Kikundi chao kikope, kimiliki kituo cha kuchaji karibu na diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, na kikodishe taa iliyojaa kwa usiku. Mvuvi hanunui betri, hatunzi betri. Analipa akirudi, hata kwa ndoo ya dagaa. Kikundi kinapata kipato kisichotegemea bei ya samaki peke yake. Tena betri zote zikiwa chini ya mikono mitano badala ya hamsini, zikichoka zinarudishwa kwa muuzaji zikiwa nzima na kuhesabiwa kwenye bei ya mpya, badala ya risasi na asidi kuishia mchangani.

Kwa bodaboda kanuni ni hiyohiyo, ila tatizo lina jina lingine: tajiri, yaani mwenye pikipiki. Vijana wengi wanaendesha kwa mkataba, wakipeleka hesabu kila siku mpaka pikipiki iwe yao. Pikipiki ya umeme kwa kilomita 100 inakula kama uniti 4 kutoka ukutani, yaani Sh. 1,424, pale ambapo petroli lita tatu ni Sh. 9,000 kwa bei yetu ya mfano. Tofauti hiyo ni ya nani? Sera ya kusamehe kodi pikipiki za umeme bila kugusa mkataba inampa tajiri nafasi ya kupandisha hesabu na kuimeza yote. Halmashauri ikikopesha vijana, iandike kiwango cha juu cha hesabu, na itenge kila siku kiasi cha betri, kwa kuwa betri ndiyo sehemu ghali na itaisha kabla ya fremu. Na kwa mji ambao tangu zamani unajulikana kwa baiskeli, njia salama ya baiskeli kati ya Makorora na bandari ni sera ya kuacha petroli pia, na ni rahisi kuliko zote.

Umeme wa kupikia na mpaka wa uniti 75

Umeme wetu unastahili kuaminiwa katika mpito huu. Maji ya Mto Pangani yanazungusha mitambo ya Hale, megawati 21, na Pangani Mpya, megawati 68, na Bwawa la Julius Nyerere limeongeza mitambo ya jumla ya megawati 2,115 kwenye gridi. Jiko la presha la umeme, la wati 1,000, linaivisha maharage kwa sehemu ndogo tu ya nishati ya jiko la sahani, kwa sababu linajizima likishapata presha na joto halitoroki. Kaya ndogo inaweza kupikia uniti 40 kwa mwezi.

Sasa angalia bei. Kundi la D1, la kaya za matumizi madogo, linalipa Sh. 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, kisha Sh. 350, na kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ni Sh. 292. Ukiongeza VAT na makato ya REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA, asilimia 22 kwa jumla, inakuwa Sh. 122, 427 na 356. Kaya ya D1 inayotumia uniti 60 inalipa Sh. 7,320. Ikianza kupikia umeme, inafika 100, inavuka mpaka, na ikihamishwa T1 inalipa Sh. 35,600. Uniti 40 za kupikia zimemgharimu Sh. 28,280. Kwa bei ya D1 zingekuwa Sh. 4,880. Kaya haikukosea kitu. Imefanya kile ambacho Mkakati wa Taifa unaiomba ifanye.

Kusogeza mpaka kutoka 75 hadi 120 kwa kaya zinazopikia umeme kunaweza kufanya kazi kubwa kuliko kugawa majiko, na hakuhitaji lori wala jukwaa. Ila kuna watu hakuwafikii hata kidogo. Nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani yenye vyumba sita na ukumbi katikati mara nyingi ina mita moja ya LUKU. Wakiunganishwa, wapangaji wote wako T1 hata kama kila mmoja anatumia uniti 20. Mwenye nyumba hukataza jiko la umeme, na hana ubaya: soketi ya ukutani imeunganishwa na waya mwembamba, mpangaji ameongeza ekstensheni ya taa, na jiko la wati 1,000 linavuta zaidi ya ampea 4. Majiko mawili na pasi kwenye ekstensheni moja, plastiki inaanza kunuka. Sera ya haki kwa Ngamiani ni kulipia mita ndogo kwa kila chumba na soketi moja ya ampea 13 yenye waya wa milimita 2.5 za mraba uliotoka moja kwa moja kwenye boksi. Bila hizo, punguzo la bei linaishia kwa wenye nyumba za peke yao Raskazone.

Wafanyakazi na mikataba

Kwa wafanyakazi wa bandari, saruji na mabohari ya mafuta, ruzuku za kifaa hazisaidii. Wao wanahitaji mkataba.

Hispania, Oktoba 2018, serikali ilikaa na vyama vya wachimbaji na kukubaliana juu ya euro milioni 250 kabla migodi ya makaa haijafungwa mwishoni mwa mwaka huo. Mwenye miaka zaidi ya 48 au utumishi wa miaka 25 aliruhusiwa kustaafu mapema. Ujerumani mwaka 2020 ilipitisha sheria ya kuacha makaa ifikapo 2038 na kutenga euro bilioni 40 kwa mikoa husika. Afrika Kusini ilizima kituo cha umeme cha Komati, Mpumalanga, Oktoba 2022. Waajiriwa wa kudumu wa kituo walilindwa kwa kuhamishiwa kwingine. Waliodondoka ni wafanyakazi wa wakandarasi na wafanyabiashara wadogo waliolisha kituo kile, kwa sababu mafunzo na miradi mbadala vilichelewa kufika.

Kati ya mifano hiyo mitatu, Komati ndiyo inayofanana nasi zaidi. Geti la kiwanda chochote cha Tanga lina waajiriwa ndani, na nje lina madereva, wapakiaji wa kutwa, mafundi matairi na mama lishe. Bomba la Chongoleani ni hivyohivyo: ujenzi unataka mikono mingi kwa muda mfupi, uendeshaji unataka wachache wenye ujuzi. Chama cha wafanyakazi kikidai mkataba, kitaje vibarua kwa idadi, kitaje kazi za getini kwa aina, posho ya mafunzo ilipwe wakati mtu anajifunza na si baada ya kufuzu, na mafunzo yaanze miezi 12 kabla ya kazi kuisha. Kuhusu ardhi, wenye mashamba wakumbuke kuwa tathmini ya fidia ina uhai wa miaka miwili, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe, riba huanza kuhesabiwa. Tarehe ya idhini iandikwe na kutunzwa.

Uchaguzi wetu

Kama nguvu yako ni ya halmashauri, usipoteze kikao kujadili bei ya pampu. Weka mkopo wa kifaa kwanza, kwa mpango wa kituo cha kuchaji tulioueleza, na uupitishe kwenye bajeti mapema ili fedha zitoke baada ya 1 Julai na taa ziwe tayari kaskazi inapoingia. Fedha ya pili iende kwenye mita na soketi za nyumba za kupanga.

Kama wewe ni mbunge au uko chama cha wafanyakazi, mpaka wa uniti 75 na mkataba wa vibarua ndivyo vya kupigania. Fedha mkononi idaiwe siku Serikali itakapotangaza kuongeza kodi ya mafuta, na idaiwe iwe imefika kwenye simu za watu siku moja kabla ya bei mpya.

Kama wewe ni BMU, anza na chombo kimoja chenye taa nne, kwa vipindi viwili vya giza la mwezi. Andika kila usiku lita zilizookolewa, saa ambazo betri imedumu, na ndoo zilizoshuka. Taa ikizimika kabla ya alfajiri, pima volti za betri hapohapo baharini kabla hujailaumu taa: ikisoma 12 hivi au chini yake, haikuchajiwa vya kutosha, ikisoma 12.4 na taa imezima, fungua kiungio, utakuta kijani.